Goti Limeanza Kusagika: Uendelee Kukimbia au Uache? Mwongozo kwa Mkimbiaji Aliyevuka Hamsini

Nina miaka 57, na 22 kati ya hiyo nimekuwa nikikimbia, zaidi katika barabara za Moshi. Miaka minne iliyopita nilikuwa nikiteremka kutoka Mweka katika nusu marathoni ya Kilimanjaro, goti la kulia likaanza kuuma upande wa ndani. Jioni ile sikuweza kuchuchumaa chooni. Wiki iliyofuata nilipigwa eksirei, na daktari aliyeisoma aliniambia bila hata kulishika goti, "Mama, goti limesagika. Usikimbie tena." Nilirudi nyumbani kama mtu aliyetoka msibani.

Leo nakimbia mara tatu kwa wiki, polepole na si mbali. Rafiki yangu tuliyekuwa tukikimbia pamoja yeye ameacha kabisa, na uamuzi wake ni sahihi kama wangu. Wote wawili tulipita njia moja kabla ya kuamua, na ndiyo hii ninayoieleza hapa. Inachukua kama miezi mitatu. Anayekuambia endelea au acha ndani ya dakika tano hajalijua goti lako.

Hatua ya kwanza: jua kinachosagika ni nini

Ukivunja paja la kuku, kile kitu cheupe kinachong'aa na kuteleza kwenye ncha ya mfupa ndicho gegedu. Gegedu halina mishipa ya damu, wala ya fahamu. Chakula chake hukipata kwenye ute uliomo ndani ya ungio, nao huingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiwa, kama sponji ya kuoshea vyombo. Ndiyo maana kulikalisha goti kitako si kulitunza. Gegedu linahitaji kubanwa, ila kwa kiasi linachokimudu.

Umri unavyokwenda, gegedu huchakaa, mfupa ulio chini yake hukakamaa na kuota vinundu pembeni, na utando unaotengeneza ute huvimba. Madaktari huuita ugonjwa huu osteoathraitisi. Kwa kuwa gegedu lenyewe halina fahamu, maumivu unayoyasikia yanatoka kwenye mfupa, kwenye utando na kwenye misuli iliyochoka kulishikilia goti. Hili ni la kushika, kwa sababu misuli inajengeka na utando unatulia, hata kama gegedu halirudi.

Mtaani utasikia "mafuta ya goti yameisha". Kinyume chake ndicho hutokea mara nyingi: goti linalosagika likikasirika hujaa ute kupita kawaida, na ule uvimbe laini juu ya pia ya goti ndio huo.

Je, ni mbio zilizolisaga? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti nyingi za watu zaidi ya 100,000, ulikuta kusagika kwa nyonga au goti kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano ya juu. Tahadhari: huenda baadhi ya wenye magoti mabaya waliacha mbio mapema wakahesabiwa upande wa pili. Hata hivyo, dhana kwamba kila mkimbiaji anayala magoti yake haisimami. Yanayoliharibu goti zaidi ni jeraha la zamani, hasa kuchanika kwa kano au kwa zile pedi mbili za ndani zenye umbo la mwezi mchanga, pamoja na uzito mkubwa wa mwili, kazi ya kubeba mizigo na kupiga magoti miaka mingi, na urithi wa ukoo.

Hatua ya pili: hakikisha ni kusagika kweli

Hapa usifanye haraka. Si kila goti linalomuuma mtu wa miaka 55 limesagika, na yako magonjwa ambayo kukimbia ukiwa nayo ni kujiumiza.

Kusagika kwa kawaida huja polepole. Asubuhi goti hukaza, lakini hulegea kabla ya nusu saa. Likikaza kwa saa nzima au zaidi, na vidole vya mikono navyo vimevimba pande zote mbili, huenda ni baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia maungio na una dawa zake. Likivimba ghafla usiku mmoja, jekundu, la moto, hata kuguswa na shuka halitaki, inaweza kuwa gauti, hasa kama kidole gumba cha mguu kiliwahi kufanya hivyo. Joto hilo likiandamana na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya ungio hauna subira.

Mengine ya kupeleka hospitali kabla hujavaa raba tena ni haya: goti linajifunga na kukataa kunyooka, linakuachia ghafla unapotembea, linauma usiku ukiwa umelala tu, au unakonda bila sababu.

Nyonga ina udanganyifu wake. Maumivu yake husikika kwenye kinena, na wakati mwingine hushuka hadi gotini, mtu akatibu goti mwaka mzima. Kaa kwenye kiti, mtu akuzungushie mguu kwa ndani taratibu. Ukisikia kinena kikiuma na mguu haugeuki kama mwenzake, ipimwe nyonga. Mwanamke aliyekoma hedhi akipata maumivu mapya ya kinena yanayozidi kila akikimbia, asimame mara moja, kwa kuwa mfupa wa paja unaweza kuwa na ufa. Na mwenye siko seli ajue kwamba kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kufa, jambo linalotokea hata kwa vijana.

Ukienda kwa daktari, mwombe akushike goti, alikunje na kulinyoosha, akutazame unavyotembea. Taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili na hospitali ya KCMC hapa kwetu Moshi wapo mabingwa wa mifupa na wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Kama safari ni moja tu kwa sababu ya nauli na kadi ya bima, omba rufaa ya fiziotherapia siku hiyo hiyo. Mimi mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenisaidia zaidi, kijana wa umri wa mwanangu. Alinisalimia shikamoo, akanikalisha, akanishika goti karibu dakika ishirini kabla hajatazama picha.

Hatua ya tatu: usiiachie picha iamue

Eksirei inaonyesha mfupa na nafasi kati ya mifupa. Haionyeshi maumivu wala nguvu. Wapo watu wenye picha mbaya wanaolima mteremko wa Kibosho kutwa nzima, na wapo wenye picha safi wasiopanda ngazi. Picha inafaa kuondoa hofu ya ufa, uvimbe mbaya au mfupa uliokufa, na kuonyesha umbali ambao kusagika kumefika. Kama nafasi imekwisha kabisa, mfupa unagusa mfupa na mguu umeanza kupinda, hapo picha ina uzito na uisikilize. Kwa waliobaki, kitakachoamua ni jinsi goti linavyopokea kazi.

Hatua ya nne: pima goti lako leo, kwa vitu vya nyumbani

Chukua daftari, andika tarehe. Vipimo hivi utavirudia baada ya wiki sita, kisha kumi na mbili.

Kaa kwenye kiti cha kawaida kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, simama na kukaa kwa sekunde 30, uhesabu umesimama mara ngapi. Kwa wenye miaka 60 hadi 64, mwanamke akipata chini ya 12 au mwanamume chini ya 14, nguvu za miguu ziko chini ya wastani wa umri huo. Mkimbiaji wa miaka mingi anatakiwa kuzipita hizo namba kwa mbali, na wengi wetu tunashangaa, kwa sababu kukimbia peke yake hakujengi paja kama tunavyodhani.

Kisha shuka ngazi bila kushika ukuta, na uandike maumivu kati ya 0 na 10. Simama kwa mguu mmoja, nyanyuka kwa vidole mara nyingi uwezavyo, kisha mguu wa pili, ulinganishe. Andika pia mambo ya kila siku: unachuchumaa choo cha shimo bila kushika kitu? Unainuka kutoka sijda, au kutoka kupiga magoti kanisani, bila kuegemea mkono? Unapanda daladala kwa mguu upi kwanza? Mimi niligundua kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nikitanguliza wa kushoto bila kujua.

Mwisho jipime uzito. Watafiti waliopima wazee wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika walikuta kila kilo moja iliyopungua inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Mkimbiaji wa polepole hupiga hatua zaidi ya elfu moja kwa kilomita. Piga hesabu mwenyewe ya kilo tano. Kwa mwenye uzito uliozidi sijui dawa yoyote ya goti inayofikia hiyo.

Hatua ya tano: wiki sita za miguu kabla ya mbio

Wengi huiruka hatua hii, kisha huja kusema fiziotherapia haikusaidia. Kwa wiki sita usikimbie. Tembea nusu saa kwa siku kama goti linaruhusu, na mara tatu kwa wiki, ukiacha siku katikati, fanya haya.

Kuinuka kitini: shuka polepole kwa kuhesabu mpaka tatu, inuka. Mara 10, mizunguko mitatu. Ikiwa rahisi, shika dumu la maji la lita tano, baadaye la kumi. Kupanda kizingiti: simama mbele ya ngazi moja fupi, panda kwa mguu wenye shida, shuka taratibu ukilitazama goti lisilale kwa ndani. Lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio, yashikilie kwa pumzi tatu. Hayo ni kwa ajili ya misuli ya makalio, ambayo ndiyo inayouzuia mguu kuyumba. Mwisho nyanyuka kwa vidole, kwanza miguu yote miwili, baadaye mmoja mmoja, maana shavu la mguu ndilo linalopokea sehemu kubwa ya kishindo cha mbio.

Maumivu wakati wa mazoezi haya hayakatazwi. Hadi 3 kati ya 10 ni salama. Yakifika 4 au 5, punguza uzito au kimo cha ngazi. Yakipita 5, acha kwa siku hiyo. Baada ya wiki ya pili utajisikia vibaya, misuli imechoka na goti linanung'unika. Wiki ya nne hivi ndipo mambo huanza kubadilika. Nakuomba uvumilie mpaka hapo.

Hatua ya sita: rudisha mbio kwa kipimo, na asubuhi iwe hakimu

Ukiweza kutembea haraka dakika 40 bila goti kuvimba, na kushuka ngazi kwa maumivu yasiyozidi 3, anza. Siku ya kwanza tembea dakika tano, kisha kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, mara sita. Ndiyo, ni dakika sita tu za mbio. Siku inayofuata pumzika.

Kanuni ya yote ni asubuhi ya pili. Goti likiwa katikati ya mazoezi hujaa joto na kudanganya, linakuambia liko sawa. Ukweli wake utausikia kesho yake unapoteremsha miguu kitandani. Jiulize matatu: limekaza kuliko kawaida yake? Limevimba? Ngazi zinauma kuliko jana? Yote yakiwa hapana, mara ijayo ongeza kidogo. Moja likiwa ndiyo, lakini likaisha ndani ya saa 24, rudia kiwango kile kile. Likipita saa 24, rudi nyuma hatua mbili. Andika kila kitu, maana kumbukumbu ya anayependa mbio inapenda kumsamehe.

Ongeza kimoja kwa wakati: dakika kwanza, kasi mwisho kabisa, na kilima peke yake. Kufikia wiki ya sita ya mbio wengi huweza dakika 20 hadi 30 za mchanganyiko. Asiyefika hapo hajashindwa. Amepata jibu.

Namna ya kukimbia nayo ibadilike. Fupisha hatua na uongeze idadi yake kwa dakika, asilimia 5 hadi 10. Kama unapiga 156, jaribu 165. Mguu utatua karibu na mwili na goti litapunguziwa mzigo. Hili halina gharama, na kwa goti langu lilifanya kazi kuliko raba yoyote.

Kuteremka ndiko kunakoliumiza goti, kwa sababu misuli ya paja inafunga breki na pia ya goti inasukumwa kwa nguvu. Hapa kwetu mlimani hakuna njia ya kukwepa, ila ipo ya kugawa: mimi hupanda kuelekea Mweka kwa miguu na kushuka kwa bodaboda. Dereva wangu amezoea, ananisubiri. Aliye Dar es Salaam ana bahati ya tambarare, lakini aangalie barabara iliyoinama upande. Ukikimbia ukingo uleule kila siku, mguu mmoja unakuwa kama mfupi.

Raba za mtumba si mbaya, nyingi nimezitoa soko la Memorial hapa Moshi. Bonyeza soli kwa kidole gumba kabla hujalipa. Ikiwa ngumu kama ubao, au imelika upande mmoja, iache hata kama jina lake ni kubwa.

Na kama uko kwenye klabu ya jogging, mwambie kiongozi mapema. Kasi pale inashikwa na wimbo, na ni vigumu kupunguza mwendo wenzako wakiwa wanaitikia kwa sauti moja. Mchakamchaka ni mtamu sana, nami naupenda, lakini kwa miezi hii mitatu kimbia peke yako au na mtu mmoja anayekuelewa.

Dawa, sindano na bamia

Jeli ya diklofenaki ya kupaka inasaidia magoti ya wengi, na madhara yake ni madogo kuliko vidonge. Vidonge vya aina hiyo kabla ya mbio ni kosa. Vinaficha ujumbe ambao umetumia wiki nzima kuusikiliza, vinaweza kutoboa tumbo, na mwili uliopungukiwa maji juani ukichanganywa navyo ni hatari kwa figo. Mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo dhaifu asivinunue dukani kwa kubahatisha.

Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa. Kuna majaribio ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2017: waliochomwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupishana. Ikubali kama umeshindwa hata kulala au kutembea. Usichomwe ili uwahi mashindano. Vilevile "kusafisha goti" kwa tundu dogo: mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba wenye magoti yaliyosagika waliosafishwa hawakupata nafuu kuliko waliochanwa ngozi tu.

Maji ya bamia na supu ya makongoro ni chakula kizuri. Tumbo huvivunja kama chakula kingine, hakuna njia ya kwenda moja kwa moja gotini. Kula kwa raha, ila usiache mazoezi ya kiti kwa sababu yake.

Hatua ya saba: siku ya kuamua

Baada ya wiki kumi na mbili kaa na daftari, ukiwa na mtu anayekujua. Mimi nilikaa na mume wangu, maana yeye ndiye aliyekuwa akiniona nikichechemea.

Endelea kukimbia kama asubuhi zako nyingi ziko sawa, vipimo vya kiti na ngazi vimepanda, na maisha ya nje ya mbio yamekuwa mepesi. Huenda itakuwa kilomita 5 badala ya 21. Nusu marathoni niliiacha. Ilinichukua muda kukubali, na sitakuambia haikuniuma.

Acha kama goti linavimba hata kwa dakika sita zile za kwanza baada ya kujaribu mara mbili kwa uaminifu, kama unachechemea ukikimbia, kama huwezi kuanza bila kidonge, au kama kila mbio inakunyang'anya siku mbili za kutembea. Aliyebadilishiwa goti kwa upasuaji naye azungumze na aliyempasua kabla ya hatua moja ya mbio. Wengi wao huruhusu kutembea, baiskeli na kuogelea, na hushauri kutokimbia.

Kuacha mbio kusiwe kuacha jasho. Huko Stanford, Marekani, waliwafuatilia wakimbiaji waliovuka miaka 50 kuanzia 1984: baada ya miaka 19, asilimia 15 ya wakimbiaji walikuwa wamefariki, na asilimia 34 ya wenzao wasiokimbia. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wenye afya ndio wanaokimbia, lakini moyo na mapafu havijui kama umevichosha kwa mbio, kwa baiskeli au kwa kupanda mlima kwa miguu. Chagua kitu cha kukutoa pumzi kabla ya kuvua raba, wala si baada ya miezi sita ya kukaa.

Rafiki yangu alipofunga daftari lake, asubuhi kumi na tisa kati ya ishirini na nne zilikuwa mbaya. Alilia kidogo, kisha akaniambia, "Dada, mimi nataka kwenda shambani Kibosho bila kushikwa mkono. Medali ninazo." Siku hizi hupanda kwenda shambani kwa miguu mara nne kwa wiki, na mazoezi ya kiti hajayaacha. Jumamosi tunaanza pamoja saa 12 asubuhi, tunatembea hadi mto Karanga. Pale mimi naanza kukimbia, yeye anaendelea na mwendo wake, na anayetangulia kwenye kibanda cha chai anaagiza ya wawili.

Uamuzi wowote utakaoufikia, rudia vipimo vya hatua ya nne kila baada ya miezi sita. Goti la mwaka huu si la mwaka kesho, na daftari la zamani usilitupe.